Nimfuate kijana wa mikopo au mkurugenzi?

*Yaya, nilimaliza uchumi Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) mwaka jana. Nimeacha dosie ya kuomba kazi kwenye benki nne hapa Lubumbashi, hakuna iliyoniita. Kanisani kwetu kuna kaka aliyeajiriwa karibuni idara ya mikopo ya benki, na mjomba anaweza kunifikisha kwa mkurugenzi wa benki nyingine. Nianze na nani? (Msomaji wa kike, Katuba)*

Anza na huyo kaka, mdogo wangu. Nimefanya kazi ya mikopo miaka kumi na miwili, na nimeona vijana wazuri wakifika kwa mkubwa kabla hawajajua wamwombe nini. Mlango huo haufunguki mara mbili kwa urahisi.

Kaka huyo hawezi kukuajiri, kwa hiyo usimwombe kazi. Mwulize anayoyajua. Mtihani ameufanya juzi tu: walimpa mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, aichambue? Walimwuliza kwa nini kampuni yenye faida kwenye karatasi inakosa pesa za kulipa mkopo? Hesabu za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2012, wanazichimba kiasi gani? Dosie yake ilipita mikononi mwa nani? Halafu mwulize ni idara gani imeelemewa na kazi. Hilo ndilo swali la thamani, maana upungufu wa watu husikika ndani kabla ya tangazo kutoka. Ukishafanya alichokushauri, rudi umwambie. Wengi huchukua ushauri wakanyamaza, kisha huonekana tena siku wana shida.

Mkurugenzi anaweza kulitaja jina lako mahali linaposikika, lakini usidhani anaajiri peke yake. Rawbank na Equity BCDC, kwa mfano, makao yao makuu yako Kinshasa, na mkubwa wa huku mara nyingi hupendekeza tu. Mpelekee swali la kazi yake. Sheria ya Kongo ya 2017 imetenga kandarasi ndogo, yaani kazi ambazo kampuni kubwa huwapa wengine, kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani walio wengi. Kampuni kama hiyo ikifanya kazi mgodini huweza kungoja ankara yake ilipwe huku mishahara na mafuta vikidai kila mwezi. Mwulize: benki ikikopesha juu ya ankara ile, inamwangalia nani kwanza, mkandarasi au mgodi? Aliyezeekea kwenye mikopo atakueleza kwa raha, na atakukumbuka. Dosie mpe akiiomba.

Mjomba akufikishe, asikusemee.

Na tafadhali sana: anayetaka pesa ili "apitishe" dosie yako, mwache. Anayekuita hotelini jioni, mwambie utafika ofisini mchana. Asipokubali, hakuwa na kazi ya kukupa.

Huyo kaka mwandikie leo: "Kaka, naomba dakika ishirini saa ya mapumziko, siku utakayopenda. Nataka kujua mtihani wa mikopo ulikuwaje na nijiandae vipi. Siombi unitafutie kazi."