Muulize Meja Mstaafu: Kamanda nimpe shikamoo?

SWALI: Meja, jambo. Mimi ni binti wa miaka 25, nimetunukiwa kamisheni Monduli juzijuzi tu, nyota yangu moja bado inang'aa begani. Wiki ijayo naripoti kikosini, mkoa ambao sijawahi kuukanyaga. Chuoni tulifundishwa kuripoti, lakini nimebaki na maswali ambayo niliona aibu kuyauliza. Kamanda wa kikosi ni Luteni Kanali, umri wa baba yangu. Tena walisoma pamoja sekondari, na baba kaniagiza nimfikishie salamu. Nianze na shikamoo? Salamu za baba nizitoe lini? Na akiniambia "jieleze", nijieleze mpaka wapi?
Luteni Usu, Morogoro

JIBU: Luteni, jambo, na hongera. Mimi sasa ni raia, shikamoo ningeipokea kwa mikono miwili. Kamanda wako hatakuwa na mkono wa kuipokelea.

Najua kwa sababu mimi niliitoa. Mwaka 1983 nilishuka treni ya Reli ya Kati saa tisa usiku, sanduku la bati mkononi, sare imekunjwa humo tangu Arusha. Asubuhi nikaivaa hivyohivyo na mikunjo yake, nikanyoosha moja kwa moja hadi ofisi ya Kamanda. Sentensi ya kuripoti nilikuwa nimeikariri njia nzima. Nikapiga saluti safi, nikamtazama yule mtu mwenye mvi, na malezi ya nyumbani yakanipiku: "Shikamoo, mzee."

Aliweka kalamu chini taratibu. "Mzee yuko kijijini kwenu," akasema. "Toka. Ingia upya."

Nilitoka na kuingia mara tatu siku ile.

Kwa hiyo ni "jambo, afande", na unaijua. Ile jambo ambayo mitaani tumewaachia watalii, jeshini ndiyo salamu kamili, haiulizi umri. Baada yake sema kinachotakiwa: namba yako, cheo, jina, unatoka Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, unaripoti kikosini. Halafu nyamaza. Hapo ndipo vijana wengi wanaharibu. Kimya cha ofisi ya Kamanda kinawatisha, wanaanza kukijaza: nilikuwa kwenye kumi bora, napenda mpira wa wavu, nitajitahidi kadiri ya uwezo wangu. Luteni, faili lako limefika kabla yako. Huyo afande amelisoma, anajua hata ulipojikwaa. Anachotaka kuona ni kama unaweza kusimama mguu sawa dakika nzima bila kujitetea. Akisema "jieleze", mpe sentensi tatu: ulikozaliwa, ulichosoma kabla ya jeshi, fani uliyopangiwa. Akitaka ya nne ataiuliza.

Na ukimkuta Kamanda ni mwanamke, ni afande vilevile, si mama. Neno lenyewe lina safari ndefu. Asili yake ni Kituruki, efendi, yaani bwana. Kwetu lilikuja na askari wa Kisudani ambao Wajerumani waliwaandikisha Misri mwaka 1889. Baadaye, katika King's African Rifles, jeshi lao la kikoloni Afrika Mashariki, Waingereza wakalifanya cheo cha Waafrika, chini ya maafisa wao wa Kizungu. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Leo limesahau kwamba liliwahi kuwa la wanaume. Siku ya kwanza askari atakapokuita wewe "afande" utataka kugeuka kuangalia nani yuko nyuma yako. Usigeuke.

Salamu za baba zibaki mfukoni. Ukizitoa ofisini umemwekea Kamanda mtihani: akizipokea kwa furaha, karani aliye mlangoni atasikia na kabla ya chai kikosi kizima kitajua umekuja na mjomba. Akizipokea kwa ubaridi, umejiumiza bure. Kama kweli walisoma pamoja, jina la ukoo ameshaliona. Mwache aulize yeye. Asipouliza mwaka mzima, mwambie baba ampigie simu mwenyewe.

Kabla ya yote hayo, usifanye kama mimi kuruka ngazi. Fika siku moja kabla kama nauli inaruhusu, ripoti getini, mtafute afisa wa zamu, kisha afisa anayeshughulikia utawala wa kikosi. Huyo ndiye atakayekupangia saa ya kumwona Kamanda na kukwambia uvae sare ipi. Muulize pia pasi ya kunyooshea sare iko wapi. Sicheki.

Bwaloni sitakaa sana: ingia, jitambulishe kwa afisa mkubwa aliyepo kwanza, simu zima, kiti kilicho pembeni ya dirisha usikikalie mpaka ujue ni cha nani. Kila bwalo lina kiti cha mtu.

Hukuniuliza kuhusu sajenti wa platuni yako, nami nilitaka uniulize. Huenda ana miaka ishirini jeshini na binti wa rika lako. Yeye ndiye atakayekupigia wewe saluti, na hapo shikamoo itakuja yenyewe mpaka kwenye ulimi. Imeze. Ukimwamkia mbele ya askari, umemvua yeye cheo, na chako umekivua pia. Mrudishie saluti sawasawa, kisha mwombe akutembeze: ghala la silaha, mabweni, jiko. Uliza majina, andika. Jioni, mkikutana dukani mmevaa kiraia, yeye na mkewe, mwamkie mama kwanza kwa shikamoo yenye uzito wake. Sajenti ataelewa, na kesho gwaride litakuwa limenyooka kuliko ulivyotegemea.

Turudi ofisini kwa Kamanda, maana hujatoka bado. Mwishoni atakuuliza kama una swali. Usiombe ruhusa ya kwenda kuchukua mizigo Morogoro. Uliza unaanza saa ngapi na wapi. Akikuruhusu, saluti, nyuma geuka, toka. Na unapoingia, tafadhali, angalia mlango unafunguka kwa kuvuta au kwa kusukuma. Mimi wangu ulikuwa wa kuvuta, nami niliusukuma kwa bega, mara zote tatu.