Maswali ya Wasomaji: "Darasani wote hunigeukia mimi"

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa Tanga ninayesoma chuo kimoja nchini Marekani. Katika somo la historia, kila mazungumzo yanapofika kwenye utumwa au ubaguzi wa rangi, wenzangu hugeuza shingo kunitazama. Wiki iliyopita mwalimu alinitaka nitoe maoni "ya watu weusi", nikababaika, kwani nyumbani nilizoea kuulizwa kabila na dini, si rangi. Niseme nini?

JIBU: Ndugu msomaji, ulitakiwa kuwasemea mamilioni ya watu, nani asingebabaika? Fomu za serikali ya Marekani zinakuweka katika kisanduku kimoja na watu ambao mababu zao walianza kufikishwa Virginia wakiwa mateka mwaka 1619, ilhali njia iliyokufikisha wewe huko ni ya viza na tiketi ya ndege. Mfuate mwalimu baada ya kipindi, umweleze kwa adabu kwamba uko tayari kusimulia uliyoyaona mwenyewe, lakini si kuwa msemaji wa wote.

Hata hivyo, usijifiche nyuma ya ugeni. Mlinzi anayekuandama kati ya rafu za duka haulizi kwanza kama umetoka Tanga au Alabama, na desturi hiyo ina mizizi katika sheria unazopaswa kuzisoma. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilihalalisha kuwatenganisha watu kwa rangi, na ni mwaka 1954 tu ilipotamka kuwa kuwatenga watoto katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Marufuku ya Virginia ya ndoa kati ya Mzungu na asiye Mzungu ilidumu hadi 1967, yaani wakati babu na bibi za baadhi ya wenzako wangali vijana.

Nawe unayo ya kwenu ya kusema. Kabla ya Uhuru, Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja mbali na nyingine. Waulize wazee wako. Na leo jirani aliyezaliwa Tanga, na baba yake vilevile, bado tunamwita "yule Mhindi" (nami naliita hivyo duka la mtaani kwetu). Ukianza na hilo, mwenzako Mzungu anayenyamaza kwa kuogopa kukosea huenda akapata pa kuingilia.