Muulize Fundi: Hilux yangu inakata hafu shafti

*Shikamoo fundi. Nina Hilux LN106 ya mwaka 1994, injini 3L ya dizeli. Nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kupandisha Karatu. Tangu mwaka jana nimebadilisha beringi za nyuma mara tatu, na mwezi uliopita hafu shafti ya kulia ilikatika tukiwa kwenye mchanga. Nimefunga tairi za inchi 33 badala ya 29 zilizokuwepo. Kuna mtu anauza ekseli mbili za Land Cruiser 80, ya mbele na ya nyuma, kwa milioni 4. Nimejikusanyia milioni 7. Nichukue?*
*Msomaji, Karatu*

Marahaba mwanangu. Umeniandikia kila kitu isipokuwa idadi ya magunia. Mimi lumbesa ya vitunguu nimewahi kuipandisha mizani ikasoma kilo 130. Ukipakia 12 tu umeshavuka tani moja na nusu, hapo bado hujahesabu utingo na wale abiria wawili wanaokaa juu. Ekseli yako haikuuawa na mchanga. Mchanga uliikuta mahututi.

Hafu shafti ni chuma kinachotoka kwenye difu (gia za katikati ya ekseli) kwenda kwenye tairi, na kwa Hilux hiyo ina kazi mbili: kuzungusha tairi na kubeba uzito, tena ikiegemea beringi moja tu kila upande. Mzigo ukizidi, beringi inalegea, shafti inaanza kucheza, mwisho inakatika. Ikikatika, tairi nalo linaweza kuondoka. Nimeliona kwa macho yangu mwaka mmoja tukitoka Ziwa Natron: tulikuwa tunateremka, tukaona tairi linatupita upande wa dereva, nikadhani kuna gari nyuma yetu. Kumbe ni letu.

Ekseli ya kazi nzito imejengwa vingine. Habu inakaa juu ya bomba la ekseli kwa beringi mbili, na uzito wote unaishia hapo. Shafti inabaki na kazi ya kuzungusha tu. Kuitambua huhitaji kitabu. Simama pembeni ya gari utazame katikati ya rimu ya nyuma. Ukiona habu imechomoza nje kama kikombe kilichofunikwa, na nati zimeizunguka mdomoni, ndiyo hiyo. Ukiona katikati ni bapa, hiyo ni ndugu ya uliyonayo. Na usidanganyike na jina: 80 nyingine zilitoka kiwandani na ekseli ya nyuma ya aina hiyo hiyo ya bapa.

Sasa, hizo za milioni 4 mimi nisingezichukua. Land Cruiser 80 inakalia koili springi, zile za kuzunguka. Hilux yako ni springi pleti, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, mbele na nyuma. Utalipa fundi akate mabano yote ya koili, asage, kisha achomelee vikalio vipya. Na ya mbele unainunua ya nini? Hujaniambia kama imewahi kukusumbua hata siku moja.

Tafuta ekseli ya nyuma peke yake, ya Land Cruiser 75 ya pikapu, zile za kabla ya 1999. Nayo inakalia springi pleti, na rimu zake ni za nati sita kama zako. Vikalio vya springi bado itabidi visogezwe kidogo, lakini hiyo ni kazi ya kusogeza, si ya kuanza upya. Pima bomba kwa futi, na chungulia tumbo la difu limeelekea upande gani ukilinganisha na lako, maana propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu, inapaswa kwenda bila kupinda kwa kulazimishwa.

Kabla ya hayo yote kuna jambo moja ambalo ukiliruka utaua transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma: reshio, yaani propela inazunguka mara ngapi ili tairi zote mbili zizunguke mara moja. Ekseli ya nyuma ikiwa na reshio tofauti na ya mbele, siku utakayoingiza four wheel, mbele na nyuma watavutana kama ng'ombe wawili waliofungwa jembe moja. Ekseli nyingi za 75 ni 4.1, ila Hilux zilitoka na reshio zaidi ya moja, kwa hiyo hesabu ya kwako mwenyewe. Weka vigingi tairi za mbele, toa gia, achia hendibreki. Inua tairi moja tu la nyuma kwa jeki na uweke stendi. La pili libaki chini. Piga chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 20, mwenzako awe chini anahesabu propela. Kwa kuwa la pili limesimama, 20 za tairi moja ni sawa na 10 za tairi zote mbili: ikifika 41, wewe ni 4.1. Ikikaribia 46, basi ama utabadilisha krauni na pinioni ya mbele, zile gia za ndani ya difu, ama utafute ekseli nyingine.

Ukifika kwa muuzaji, fungua nati ya kumwagia oili ya difu uchovye kidole. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yaliingia humo. Ukiona vipande vya chuma kwenye sumaku ya nati, mshukuru mwenye duka, uondoke.

Tuje kwenye pesa. Wengi wanamaliza fedha kwenye ekseli, halafu gari linalala juu ya mawe miezi minne likisubiri hoisi ya breki. Katika milioni 7 zako, ekseli isizidi 2 na nusu. Tenga 2 za kuifunga: propela kukatwa na kubadilishwa flenji, yubolti mpya za kubana springi kwenye ekseli, kuchomelea, beringi zote na sili zote hata zikionekana nzima, oili ya difu. Mchomeleaji ashikize kwanza vipande vidogo gari likiwa limebeba uzito wake, ndipo amalizie kidogo kidogo huku akipumzisha chuma. Akilichoma bomba kwa mkupuo litapinda. Weka milioni 1 kwa breki: mabomba, kebo ya hendibreki, na masta silinda kama pedali itazama. Milioni moja na nusu inayobaki usiiguse hadi safari ya kwanza na mzigo iishe. Ukirudi, kaza yubolti zote upya.

Hizo tairi za 33 ziuze. Kama reshio yako ni 4.1, zimeifanya ivute kama 3.6, ndiyo maana klachi yako nayo nadhani inanuka kwenye mlima. Spidi ikionyesha 70, wewe uko 80. Rudisha saizi ya zile 29, yaani 205 za rimu 16.

Na ekseli ya 75 haitaigeuza chesisi ya Hilux kuwa ya Canter. Mizigo yako ikibaki ile ile, kitakachofuata kupasuka ni chesisi, hapo nyuma ya kebini ambapo bodi inaanzia. Mulika tochi leo hii uone kama hakuna ufa.

Piga hiyo chaki, uniandikie umepata namba gani. Na idadi ya magunia, ya kweli.