Maswali ya wasomaji: mabibo yaozayo chini ya mkorosho

Naokota korosho, mabibo (yale matunda yake) nayaacha yaoze. Yanalipa kweli? (Mkulima, Newala)

Yanalipa ukiyawahi. Bibo huzidi uzito wa korosho yake mara 5 hadi 10, kwa hiyo unachokiacha shambani ni kingi kuliko unachokipeleka ghalani. Lakini likianguka na kupasuka huanza kuchacha siku hiyo hiyo. Ya kuliwa na watu yachume mtini au yaokote asubuhi yakiwa mazima. Yaliyopondeka wape mbuzi, wachanganyie na malisho mengine.

Juisi yetu inakereketa kooni, wateja wanatukimbia. Tuongeze sukari? (Kikundi cha akina mama, Masasi)

Sukari mtapoteza bure, dada zangu. Kinachokereketa ni tanini, ule ukakasi wa asili wa bibo. Pikeni uji mwembamba wa mchele, upoe, tieni nusu kikombe kwa kila lita ya juisi, mkoroge, kisha muiache itulie. Mashapo yatashuka na tanini yake. Mimineni ya juu taratibu, mchuje kwa kitambaa safi, mchemshe, mjaze ingali moto kwenye chupa zilizochemshwa. Msitumie chombo cha chuma cha kawaida, juisi itakuwa nyeusi.

Ila kama hamna jokofu, mimi ningeanza na siki. Juisi ikishachacha na kuwa uraka, pombe ya mabibo (hapo hamhitaji mwalimu), itieni kwenye ndoo pana safi, mwongeze siki kidogo isiyochemshwa iwe mbegu, mfunike kwa kitambaa ipate hewa. Baada ya wiki kadhaa ulevi wote umegeuka ukali. Siki hukaa dukani miezi bila umeme.

Kwani kochoko (mabibo makavu) si biashara tayari? (Kijana, Tandahimba)

Ni biashara, lakini mnunuzi wako mkubwa ni mtonesha gongo, na gongo bila leseni ni kesi. Kukausha unakujua, hiyo ni nusu ya kazi. Sasa kata vipande visafi, vipitishe kwenye mvuke, viloweke kwenye maji mazito ya sukari, uvianike ndani ya kaushio la jua badala ya chini. Hapo unauza tunda kavu, mchana kweupe.

Alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) naipataje? (Mjasiriamali, Lindi)

Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uombe mafunzo na barua ya utambulisho, ndipo uende TBS na sampuli. Lebo chapisha chache kwanza. Wakikuambia urekebishe maelezo, hasara itakuwa ndogo.