"Fast" haina haraka

Mmenijazia simu na maswali ya neno la Kiingereza "fast". Waliouliza tu "fast ni nini?" nimewaacha walipo. Neno bila sentensi silijibu. Nami nikikuuliza "kaa" ni nini, utasemaje? La moto, wa baharini, au nakukaribisha kiti?

Kama "quick" inazaa "quickly", mbona "fast" haizai "fastly"? (Mwalimu, Tanga)

Haizai, basi. "A fast car", hapo ni kivumishi. "She drives fast", hapo ni kielezi. Umbo halibadiliki, na anayebandika "-ly" anakatwa maksi kwa haki. Tena afadhali huyo, maana kosa lake linachekesha tu. Kuna linalomwaga unga: "hard". "He works hard", anajituma. "He hardly works", kazi hafanyi. Niliwahi kupitia barua ya kijana anayeomba kazi, kaandika "I worked hardly for five years". Alitaka kujisifu, akajishtaki mwenyewe na saini akaweka. "Late" na "lately" nazo ni hivyo hivyo: ya kwanza amechelewa, ya pili ni siku hizi za karibuni.

Kumwambia mtu "Come faster!" ni sawa?

Kama yuko njiani na unataka aongeze mwendo, sawa. Kama bado yuko jikoni hajanyanyuka, sema "Come quickly". Kinachowaponza ni "fasta" ya mtaani. "Nipe chenji fasta" ni Kiswahili kizuri tu na hakilinganishi kitu na kitu, lakini "faster" ya Kiingereza lazima ilinganishe. Na "more faster" nimeshaijibu mara nne. Ya tano sitaijibu.

Inakuwaje "run fast" ni kwenda mbio na "stand fast" ni kutotikisika? Wazungu wanatuchezea? (Mombasa)

Swali la maana, hatimaye. Maana kongwe ya neno hili ni kushika imara. Mbio zilikuja baadaye. Ile ya kale ungali unaisikia kwenye ndege ukiambiwa "fasten your seat belt". Gari lililozama kwenye tope ni "stuck fast". Aliye "fast asleep" hakimbilii popote, usingizi umemshika. Na kitambaa chenye "fast colours" ni kile ambacho rangi yake haichuji: unakiloweka, unakifikicha kwa sabuni, maji ya beseni yanabaki meupe. (Muuzaji akikuapia kwamba kanga yake haichuji, lowesha pindo, lisugue kwa leso nyeupe, ndipo utoe pesa.)

Sasa mbio zilitoka wapi? Kilichoshika imara kina nguvu, neno likahamia kwenye kufanya jambo kwa nguvu, na anayekimbia kwa nguvu ndiye anayekwenda kasi. Mnashangaa nini? Fundi anakaza nati, mama anamwambia mwanawe akaze mwendo. Nati iliyokazwa haisogei, mtoto aliyekaza mwendo anawahi shule. Kitenzi ni kimoja, na hakuna aliyewahi kuniandikia kukilalamikia.

Na "fast" ya Ramadhani ni neno jingine?

Ni ndugu wa tumbo moja na hiyo ya kushika. Nasi tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga Ramadhani. "I am fasting" ni kitenzi, "a fast" ni nomino. Hata "breakfast" ndani yake mna kukata mfungo, ndiyo maana "kifungua kinywa" chetu kinaiendea sambamba. Ila msije mkaandika kwamba jirani amewaalika "breakfast" saa kumi na mbili na nusu jioni. Futari kwa Kiingereza iacheni "iftar", inaeleweka.

"My watch is fast" ni saa yangu inakwenda haraka?

Imetangulia. "Five minutes fast" ni dakika 5 mbele ya saa sahihi. Kwa hiyo bosi wako ana haki ya kukushangaa ukiitumia kama sababu ya kuchelewa.

Naomba unitumie orodha ya maneno yote ya Kiingereza yenye tabia hii, na maana zake, kwa WhatsApp. Nina mtihani kesho.

Hapana.