Kabla hujanunua mashine ya kutengenezea visu, soma yaliyonikuta

Juzi usiku kijana mmoja wa Micheweni kaniandikia, "Kaka nataka kufanya vile visu vya kubonyeza vinaruka vyenyewe, ninunue mashine gani?" Nilicheka, halafu nikaona aibu, maana mie nilianza hivyohivyo.

Vya kubonyeza sifanyi, nakwambia mapema. Marekani walivitungia sheria 1958, Uingereza mwaka uliofuata, na hapa kwetu ukikutwa na askari kitu kile kimeruka mfukoni utamweleza nini? Anza na cha kukunja kwa mkono, na hicho chenyewe kitakutoa jasho.

Mwaka juzi nilimfanyia mkwe wangu kimoja, mzee wa Wete huyo. Bapa la springi ya gari la shamba, mpini wa mkarafuu mkavu, misumari ya shaba, nimekipiga msasa mpaka kinateleza mkononi, yaani nilijiona fundi. Nikampa barazani baada ya Isha wazee wote wapo. Akafungua, akafunga, akafungua tena, tak! Springi ya mgongoni, kile kichuma chembamba ndani ya mpini kinachobana bapa lisijifunge, imekatika, kisu kinaning'inia kama mkia wa mjusi. Mzee hakusema kitu. Shemeji yangu ndo akasema, "Kumbe cha maonesho." Neno hilo mpaka leo halijanishuka.

Kosa langu: bapa na hiyo springi, baada ya kuvikaza kwa moto, nilivitia pamoja kwenye oveni ya mke wangu ya keki (keki zilinuka mafuta wiki nzima, hilo tuliache), digrii 200, masaa mawili. Bapa linataka hivyo, linatoka na rangi ya majani makavu. Springi inataka kufika kama 300, iwe buluu, la sivyo inabaki ngumu tupu, ukiipinda inakatika. Fundi mmoja mjini nilimuuliza kabla, akanijibu ninunue cha China. Hata dakika moja hakunipa.

Sasa nafanya hivi. Moto wa makaa ya vifuu, chuma kiwe chekundu mpaka sumaku haikishiki, ongeza kidogo tu, halafu moja kwa moja kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa, si maji, maji yanakipasua. Pitisha tupa, ikiteleza ujue kimekaza. Springi iparue kwa msasa iwe nyeupe, ilaze kwenye kikaango cha mchanga juu ya jiko na usibanduke hapo, itakuja njano, hudhurungi, zambarau, ikigeuka buluu itoe hapohapo. Mie kwenye zambarau nilishikwa na hamu ya kwenda kujibu simu nikaikosa, nikaanza upya.

Vifaa? Tupa mbili, msumeno wa chuma, jiliwa, drili, msasa. Grainda ninayo, ilinichomea ncha ya bapa ikawa buluu, makali hayakai tena, nikatupa kazi ya siku tatu. Nyinyi vijana mnataka mashine kabla mkono haujajua kitu, mnataka kuuza kabla hamjavunja hata kimoja, vunja kwanza, vunja vitano, tupa haina haraka na wewe usiwe na haraka.

Ramadhani iliyopita nimempelekea mzee cha pili. Kila jioni anamenyea machungwa, nakisikia kinavyolia tak kikifunguka na kinakaa. Shemeji aliomba akishike akione. Nikamwambia mwenyewe kasema kisiazimwe.