SANDUKU LA WASOMAJI: Amy alichoma daftari na nyie hamjamsamehe

Toka tuandike kuhusu Little Women, riwaya ya Louisa May Alcott wa Marekani, ile ya ndugu wanne wa kike Meg, Jo, Beth na Amy wanaobaki na mama yao baba akiwa vitani, meseji zimemiminika. Nyingi ni za hasira, na hasira yenyewe sio kwa kitabu, ni kwa hao watoto, mnawasema kama vile wanakaa nyumba ya pili. Tumechagua chache, zile ndefu tumezipunguza.

*Shikamoo anti. Mimi ndo mkubwa kwetu. Nimemaliza kitabu ila Amy simpendi na sitampenda. Kanyimwa kwenda na dada zake thieta, basi anachukua daftari la stori alizoandika Jo kwa miaka anatia kwenye moto!! Halafu mdogo wangu kasoma naye anasema Jo kazidi ukali. Tumenuniana toka Jumapili. Nani ana haki? (Dada Mkubwa, Tanga)*

Marahaba mwanangu. Kwenye daftari simtetei Amy hata kidogo, na ubaya zaidi ni kwamba Jo alikuwa kashanakili stori zote vizuri na karatasi za mwanzo kazitupa, kwa hiyo iliyoungua ndo ilikuwa hiyo hiyo moja. Lakini usiishie hapo. Baada ya ugomvi Jo anatoka na Laurie, kijana wa jirani, kwenda kuteleza kwenye mto ulioganda barafu, Amy anawafuata nyuma mbio mbio anataka kuomba msamaha, Laurie anapaza sauti kwamba wakae ukingoni katikati sio salama, Jo anasikia, anajua kabisa mdogo wake hajasikia, na ananyamaza. Anajiambia shauri yake. Barafu inakatika, Amy anatumbukia. Huyo ni Jo, huyo huyo tunayempenda wote! Wakamtoa mzima, sawa, ila kwa ile dakika moja dada mtu alimwacha mtoto wa miaka 12 aende kwenye hatari kwa sababu ya daftari.

Mimi kitabu kizima nakipenda kwa sababu ya sura ile. Usiku Jo analia kwa mama yake kwamba hasira zake zinamtisha, na mama hamwambii una roho mbaya, anamwambia hata mimi nina hasira karibu kila siku, nimehangaika nazo miaka arobaini. Jamani! Kwenye vitabu vingi vya watoto vya zamani mama ni malaika tu anatembea, huyu ni mtu. Kwa hiyo ukiniuliza nani ana haki nasema Amy alikosa kwa mkono na Jo akakosa kwa kunyamaza, na mwandishi hakumfichia yeyote, wakati Jo ndo yeye mwenyewe na Amy ni mdogo wake wa mwisho, May.

Na May huyo, mjue, ndiye aliyechora picha za toleo la kwanza, 1868. Baadaye akaenda Ulaya kusomea uchoraji, mchoro wake ukapokelewa kwenye yale maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1877, akaolewa huko huko Ulaya, akafariki mwisho wa 1879 wiki chache tu baada ya kujifungua. Mtoto wake, Lulu, aliletwa Marekani, akalelewa na Louisa mpaka Louisa mwenyewe alipofariki 1888. Sasa nyie wawili kaeni chini msome tena sura ya barafu kwa sauti, wewe usome maneno ya Amy na yeye asome ya Jo.

*Habari anti, huku bwenini ni vita. Kitabu changu kinaisha Beth yuko mzima kabisa, baba amerudi, Meg amechumbiwa. Mwenzangu anasema Beth anakufa. Nimemwambia anatunga. (Fom Tuu, Nakuru)*

Mwenzio hatungi, pole sana. Wewe una nusu. Sehemu ya kwanza ilitoka Septemba 1868 na ya pili 1869, Marekani baadaye zikaunganishwa zikawa kitabu kimoja, lakini Uingereza sehemu ya pili ilizoeleka kuuzwa peke yake kwa jina la Good Wives, ndo maana nakala zinazofuata mtindo wa kule zinaishia hapo kwako. Tafuta ya pili, na umwombe mwenzio asikumalizie tena stori.

*Dada, binti yangu wa miaka kumi kalia sana Beth alipofariki mpaka akakataa kula. Baba yake ananilaumu, anasema vitabu vya vifo vya nini kwa mtoto. Nimnyang'anye? (Mama wa Watatu, Dodoma)*

Usimnyang'anye mama. Beth ametokana na Elizabeth, mdogo wake Louisa, aliyefariki 1858 ana miaka 22 tu baada ya kudhoofika muda mrefu, na Louisa alikuwepo akimuuguza, kwa hiyo kifo kile hakikuwekwa ili kumtisha mtoto wa mtu. Ila nakuomba umuulize analia nini hasa, maana wengi tunadhani watoto wanalilia kifo kumbe kuna kitu kingine. Kumbuka homa ilivyoingia mle ndani. Mama yao kasafiri kumuuguza baba, kawaachia kazi ya kwenda kuiangalia familia maskini ya akina Hummel, Beth anaenda kila siku, siku hiyo amechoka anawaomba dada zake waende wao, Meg kachoka, Jo ana visingizio vyake, basi Beth anajitanda anatoka na kichwa kinamuuma, na kichanga cha watu kinamfia mikononi kwa ile homa ya koo na vipele vyekundu. Beth naye akaambukizwa, akapona ile homa lakini nguvu hazikurudi tena. Mtoto mwenye wadogo zake akisoma pale anajiuliza, je mimi ningeenda? Swali zito hilo kwa miaka kumi, na msaidie kulibeba, muongee wakati mnapika au mnaosha vyombo, na baba yake akiweza naye asome.

*Kwa nini Jo hakuolewa na Laurie? Sijaelewa mpaka leo. (Mwenye Uchungu, Mombasa)*

Hauko peke yako na sio wa leo, wasichana walianza kumwandikia Alcott kuuliza hilo hilo kabla sehemu ya pili haijatoka, naye akaandika kwenye shajara yake kwamba hatamwozesha Jo kwa Laurie ili kumfurahisha mtu yeyote. Akampa Profesa Bhaer, yule mwalimu Mjerumani. Binafsi naona alifanya sawa kumnyima Laurie, wale wawili wana hasira za aina moja, nyumba ingewaka. Bhaer lakini, mmh, mpaka leo hajaniingia.

*Anti mimi ni wa kiume nina miaka 14, kaka zangu wananicheka nasoma kitabu cha wasichana. (Bukoba)*

Waambie Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliandika kwenye kitabu cha maisha yake cha 1913 kwamba alipokuwa mtoto alikipenda mno kitabu hicho hicho. Na ukimaliza tafuta Little Men ya 1871, humo Jo ana shule yake na imejaa wavulana watukutu, halafu utuandikie kaka yako yupi anafanana na nani.